Mid Suffolk: Viti 24 vilivyovunwa kata baada ya kata

Tarehe 4 Mei 2023, siku mbili kabla ya Mfalme Charles kuvikwa taji, wapigakura wa wilaya moja ya mashambani mashariki mwa England walikipa chama cha Kijani viti 24 kati ya 34 vya halmashauri yao. Conservative waliambulia 6, Liberal Democrat 4, Labour hawakupata hata kimoja. Chama cha Kijani kilikuwa hakijawahi kushika halmashauri yoyote ya Uingereza kwa wingi wake chenyewe. Mji wa Brighton walikuwa wameuongoza kuanzia 2011 hadi 2015, lakini kwa viti 23 kati ya 54, hivyo kila bajeti ilipofika ilibidi wabembeleze kura za wenzao.

Msomaji wa Tanzania asitafute jembe na nyundo hapa. Kijani hiki ni cha wanamazingira, na wilaya yenyewe, Mid Suffolk, ni ya ngano, shayiri na viazisukari, na vijiji vyenye makanisa ya mawe ya gumegume. Mji mkubwa ni Stowmarket, uliopo kwenye reli ya London kwenda Norwich. Mto Gipping unapita hapo na kushuka Needham Market hadi Ipswich. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 103,000 katika kilomita za mraba 870 hivi.

Wengi waliuita ushindi huo wimbi. Ukishuka hadi kwenye hesabu ya kata moja moja, wimbi hulioni. Unaona kisu kilekile cha mfumo wa wengi wape kilichowahudumia Conservative kwa miaka mingi, ila safari hii mpini umeshikwa na mkono mwingine, na walioshika makali wanajiuliza wamekatwa lini.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Ninaposema wilaya ninazungumzia England peke yake, maana Scotland na Wales zina sheria zao. Halmashauri za wilaya zilizaliwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972, iliyofuta mabaraza madogo madogo na kuyaunganisha. Mji wa Eye, mji wa Stowmarket, na maeneo ya vijijini ya Gipping, Hartismere na Thedwastre vilitiwa chungu kimoja kikaitwa Mid Suffolk. Uchaguzi wa kwanza wa wilaya hizo ulifanyika Juni 1973 na halmashauri zikaanza kazi tarehe 1 Aprili 1974. Zilikuwa 296. Kufikia Aprili 2023, baada ya Cumbria, North Yorkshire na Somerset kufutiwa wilaya zao, zilibaki 164.

Juu ya wilaya kuna kaunti. Kaunti inashughulikia barabara, shule na matunzo ya wazee. Wilaya inazoa taka, inatoa vibali vya ujenzi, inashughulikia wasio na makazi, inakusanya kodi ya nyumba kwa niaba ya wote na kutunza daftari la wapigakura. Msomaji wa Kenya asidanganywe na neno kaunti: hakuna gavana hapa. Kiongozi wa halmashauri huchaguliwa na madiwani wenzake, na hukaa kwa kadiri wanavyomtaka. Mid Suffolk, baada ya Mei 2023, walimchagua Andy Mellen.

Kuna kioja kimoja. Tangu 2017 ofisi za Mid Suffolk zimo Endeavour House mjini Ipswich, jengo la halmashauri ya kaunti, na Ipswich haimo wilayani. Watumishi wenyewe wanagawanywa na wilaya jirani ya Babergh. Mwaka 2011 wananchi wa wilaya zote mbili waliulizwa kama halmashauri ziungane kabisa: Mid Suffolk wakasema ndiyo, Babergh wakasema hapana. Hivyo wafanyakazi wakawa wamoja na madiwani wakabaki makundi mawili, mpango ambao hakuna aliyeupigia kura.

Sasa hesabu. Mwaka 2015 halmashauri ilikuwa na viti 40: Conservative 29, Kijani 5, Liberal Democrat 4, wagombea huru 2. Mwaka 2019 viti vilikuwa vimepunguzwa hadi 34: Conservative 16, Kijani 12, Liberal Democrat 5, huru 1. Mwaka 2023 ndiyo ile 24, 6 na 4.

Viti 29 kati ya 40 ni asilimia 72.5. Viti 24 kati ya 34 ni asilimia 70.6. Umbo la halmashauri ni karibu lilelile, walioketi ndio waliobadilishana viti. Na hakuna upande wowote, 2015 wala 2023, uliokaribia kupata asilimia 70 ya kura. Mfumo ndio uliowapandisha, kama ngazi inayompandisha yeyote anayeifikia kwanza.

Ajabu ya kweli ilitokea 2019, na wachambuzi wengi waliipita haraka. Ukiwa na viti 34, wingi unaanzia 18. Conservative walikuwa na 16, Kijani na Liberal Democrat kwa pamoja 17, na katikati diwani mmoja huru. Conservative waliendelea kuongoza bila wingi. Katika hali kama hiyo kura ya mwenyekiti ya kuamua zikilingana ina thamani ya dhahabu, na diwani akiugua mafua wakati wa bajeti kila mtu anahesabu vichwa. Hata utoro una bei yake: diwani asiyehudhuria kikao chochote kwa miezi sita mfululizo bila ruhusa hupoteza kiti chake kwa sheria ileile ya 1972. Kiti kikibaki wazi, wapigakura wawili tu wa eneo hilo wakiandika kuomba uchaguzi mdogo, lazima ufanyike ndani ya siku 35 za kazi, isipokuwa kama uchaguzi wa kawaida umebakiza chini ya miezi sita.

Kufahamu jinsi 16 ilivyogeuka 6, chukua kata ya kubuni yenye ukubwa unaofanana na za huko: wapigakura 2,400, diwani mmoja. Wakijitokeza asilimia 40, kura ni 960. Conservative 400, Kijani 330, Liberal Democrat 230. Conservative anashinda, ingawa kura 560 zimemkataa. Baada ya miaka minne, Conservative 80 wameudhika na London na wamebaki nyumbani. Liberal Democrat hawajasimamisha mtu. 150 kati ya kura zao zimeenda Kijani na 80 zimelala. Matokeo: Kijani 480, Conservative 320. Kata imegeuka kutoka ushindi wa 70 hadi kushindwa kwa 160, na Kijani wameongeza kura 150 tu, watu wa kujaza mabasi matatu. Rudia jambo hilo katika kata zinazofanana, zote siku moja, na asilimia 70 ya viti inaangukia upande mmoja.

Neno siku moja ni muhimu. Wilaya kama Mid Suffolk huchagua madiwani wote kwa pamoja kila baada ya miaka minne, Alhamisi ya kwanza ya Mei. Nyingine huchagua theluthi kwa theluthi, miaka mitatu kati ya minne, na chache nusu kwa nusu. Halmashauri ya theluthi hubadilika polepole kama meli kubwa, hata hasira ya mwaka mmoja haiipindui. Halmashauri ya wote kwa pamoja hupinduka kama mtumbwi. Chama kikiwa na bahati ya kukutana na mwaka mbaya wa mwenzake, kinazoa. Mwaka 2023 ulikuwa mwaka mbaya wa Conservative kitaifa: walipoteza viti zaidi ya 1,000 katika halmashauri za England.

East Hertfordshire, kaskazini mwa London, inaonyesha kisu hiki kikiwa uchi. Mwaka 2015 Conservative walizoa viti vyote 50. Vyote. Halmashauri nzima bila mpinzani hata mmoja wa kuuliza swali kuhusu mkataba wa taka, ingawa maelfu walikuwa wamevipigia kura vyama vingine. Mwaka 2023, wilaya hiyohiyo, Kijani 19, Conservative 16, Liberal Democrat 10, Labour 5. Na asije mtu akadhani Kijani walikuwa wanapepea kila mahali: katika uchaguzi uleule wa Mei 2023, Brighton walikokuwa na viti 19 walibakiwa na 7, Labour wakachukua 38 kati ya 54. Kama ni wimbi, lingeanza kunyanyua ngome yao ya zamani.

Rudi kwenye viti sita vilivyopotea kati ya 2015 na 2019, maana hapo kuna jambo lisiloonekana kwenye vichwa vya habari. Mipaka ya kata huchorwa na tume huru ya mipaka, na utaratibu wake una mpangilio usiobadilika: kwanza inaamuliwa idadi ya madiwani, ndipo ramani inachorwa kuitoshea idadi hiyo. Vigezo ni vitatu: kila diwani awe na wapigakura karibu sawa na mwenzake, jamii zisikatwe katikati, na kata iwe inaweza kuongozwa bila taabu. Zaidi ya asilimia 30 ya kata zikipitiliza wastani kwa asilimia 10 juu au chini, au moja ikipitiliza kwa 30, tume hurudi na kalamu.

Kwa idadi ya watu ya 2021, viti 40 vingekuwa diwani mmoja kwa watu 2,575 hivi. Viti 34 ni mmoja kwa takribani 3,030. Kwa karatasi ni tofauti ndogo. Kwa diwani aliyekaa miaka 20 ni kuvunjiwa nyumba: vijiji vitatu vinavyomjua vimebaki, viwili vimehamishiwa kwa mwenzake, na vingine viwili vipya havijawahi kuona uso wake. Kura ya mazoea hupotea hapo. Anayefaidika ni yule ambaye hakuwa na kura za mazoea za kupoteza.

Ramani iliyotumika 2019 na 2023 ina kata 26: kata 18 za diwani mmoja na 8 za madiwani wawili. Kwa chama kidogo chenye watu wachache wenye bidii, kata ya diwani mmoja ni zawadi. Nyumba zinahesabika. Watu wawili wenye viatu imara wanaweza kuzimaliza kwa wikiendi mbili. Kata kubwa ya madiwani watatu mjini inahitaji jeshi.

Hizo kata za madiwani wawili nazo zina mitego yake. Kila mpigakura ana kura mbili, na wawili wenye kura nyingi ndio wanaopita. Hakuna kupanga kwa namba, ni alama ya vema au mkasi mbele ya majina mawili. Mtu anaruhusiwa kuweka alama moja tu na kuiacha ya pili. Karatasi ni halali. Wajanja hufanya hivyo makusudi, maana kura yako ya pili inaweza kumpandisha mtu akampita yule wa kwanza unayempenda. Kosa linalorudiwa na vyama vidogo ni kusimamisha mgombea mmoja katika kata ya viti viwili. Mfuasi wao anabakiwa na kura ya ziada mkononi, anatazama orodha, anampa jirani yake wa Conservative aliyemsaidia kuhusu mtaro. Umejenga mwenyewe daraja la mpinzani wako.

Ukiwa ukumbini siku ya kuhesabu ndipo unaona kata hizi zinavyochosha. Kazi ya kwanza huwa uhakiki: karatasi zilizomo sandukuni lazima zilingane na hesabu ya msimamizi wa kituo, na hapo bado hakuna anayehesabu mshindi. Kisha karatasi zote mbili-kwa-chama-kimoja zinafungwa mafungu, hizo ni rahisi. Zinazobaki ni za mchanganyiko, Kijani mmoja na huru mmoja, Conservative mmoja na Liberal Democrat mmoja. Hizo husomwa moja baada ya nyingine, na vijistari vinachorwa kwenye karatasi pana. Wakala mzuri hukaa upande wa pili wa meza akichora vijistari vyake mwenyewe. Wakala mbaya anakunywa chai na kusubiri kutangaziwa. Karatasi hukataliwa kwa sababu nne: haina alama rasmi, imepigwa kura kuzidi idadi inayoruhusiwa, ina maandishi yanayomtambulisha mpigakura, au haieleweki inamkusudia nani. Ikieleweka, hata kama mtu ameweka namba badala ya mkasi, inaweza kukubaliwa.

Zikilingana sawasawa, ni kura ya bahati nasibu mbele ya msimamizi wa uchaguzi. Northumberland, Mei 2017, kiti cha South Blyth kiliamuliwa kwa kuvuta vijiti. Conservative wakavuta kifupi, wakaishia viti 33 kati ya 67, pungufu kwa kimoja kupata wingi. Kaunti nzima, kijiti kimoja.

Mbinu ya Kijani England ina jina miongoni mwao, linalomaanisha kulenga ili kushinda, na haina siri. Usitawanye nguvu. Chagua kata moja, ishughulikie miaka minne mfululizo, ishinde, ndipo uhamie ya jirani. Kipeperushi kinachopita mlangoni mara moja, wiki mbili kabla ya uchaguzi, ni takataka nyingine ya kuchambua. Kinachopita mara nne au tano kwa mwaka kikieleza shimo gani limezibwa na kibali gani cha ujenzi kimewasilishwa kinamfanya mwandishi wake awe diwani kabla ya kuchaguliwa. Kila mlango unaogongwa unaandikwa: anatuunga mkono, anayumba, hapana, hayupo. Wanaopiga kura kwa posta wanawekwa orodha yao, kwa sababu wao hupokea karatasi zao wiki kadhaa kabla na wengi huzijaza siku hiyohiyo. Mgombea anayetuma kipeperushi chake cha mwisho siku tatu kabla ya Alhamisi ameshawakosa.

Siku yenyewe, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, wapambe hukaa nje ya kituo wakiomba namba za waliopiga kura. Hakuna anayelazimika kuzitoa. Namba zinapelekwa kwa aliyeshika orodha, wanaotuunga mkono wanaofika wanafutwa, na jioni watu wanatumwa kwenye milango ya wasiofutwa. Kata ikiamuliwa kwa kura 40, zimetoka kwenye milango hiyo ya saa 2 usiku. Kwa ada, hii ni siasa ya bei rahisi: hakuna dhamana, wakati kwa ubunge ni pauni 500, na matumizi ya mgombea yana ukomo mdogo unaokokotolewa kwa kiasi maalumu pamoja na senti chache kwa kila mpigakura.

Wanaoanguka kabla ya mbio huangukia kwenye karatasi. Fomu za uteuzi zifike kwa mkono kabla ya saa 10 jioni, siku ya 19 ya kazi kabla ya uchaguzi. Zamani zilihitaji sahihi kumi. Sasa mpendekezaji na muungaji mkono wanatosha, lakini wote wawili wawe kwenye daftari la kata hiyohiyo. Mtu anayeishi upande wa pili wa barabara, ambako ndiko mpaka ulikopita, hafai. Tamko la kukubali uteuzi, mgombea asiwe amelisaini zaidi ya mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho. Fomu ikitaja chama na cheti cha chama kikakosekana, uteuzi wote unabatilika. Mtumishi wa halmashauri haruhusiwi kugombea kwenye halmashauri hiyo. Kila kipeperushi kiwe na jina na anwani ya mchapaji na ya mhusika. Hesabu za matumizi zipelekwe ndani ya siku 35 baada ya matokeo hata kama hujatumia senti.

Waswahili wanaoishi England wanahusika hapa moja kwa moja, na wengi hawajui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi huko kihalali wana haki ya kupiga kura bila kuwa na pasipoti ya Uingereza, na wenye kibali cha kuishi cha kudumu wanaweza hata kugombea udiwani. Hilo linawahusu Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, ambao nchi yao iliingia Jumuiya mwaka 2009. Mkongomani, Mrundi na Mwomani hawamo, mpaka wapate uraia. Kujiandikisha kunafungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Maombi ya kura ya posta siku 11 za kazi kabla, saa 11 jioni. Tangu Mei 2023 kitambulisho chenye picha ni lazima kituoni, na hapa watu hukosea: pasipoti ya Tanzania au Kenya inakubalika, hata iliyokwisha muda mradi sura bado ni yako, lakini leseni ya udereva ya Kenya haikubaliki. Asiye na chochote anaomba cheti cha mpigakura bure, mwisho siku 6 za kazi kabla. Mwaka huo wa kwanza watu wapatao 14,000 walizuiwa kupiga kura vituoni na hawakurudi tena. Ikumbukwe ile kata yetu iliyogeuka kwa kura 150.

Kuhusu kwa nini hasa Mid Suffolk iligeuka, wengi hutaja mazingira. Mimi naweka nyumba mbele. Serikali kuu huitaka kila wilaya ionyeshe ardhi ya kutosha kujengwa nyumba kwa miaka mitano ijayo. Isipoweza, mizani ya sheria inaelemea upande wa mwombaji: kamati ikikataa kibali, mjenzi anakata rufaa kwa mkaguzi wa serikali na mara nyingi anashinda, na wilaya inaweza kutwishwa gharama. Diwani aliyepiga kura ya kukataa na diwani aliyepiga ya kukubali wote wanaona tingatinga lilelile. Thurston, Elmswell, Woolpit, vijiji vya kando ya barabara ya A14, vimeshuhudia mashamba yakigeuka mitaa. Aliyekuwa madarakani ndiye aliyebeba lawama, nao walikuwa Conservative, wilayani, kwenye kaunti na London. Hakuna wa kumsukumia.

Upande wa pili wa shilingi umeshaanza kuonekana. Nyaya za umeme za Norwich hadi Tilbury, mpango wa kampuni ya National Grid uliotangazwa 2022, zimepangwa kupita humo juu ya nguzo ndefu za chuma kupeleka umeme wa upepo wa Bahari ya Kaskazini. Chama kinachotaka upepo kinaongoza wilaya isiyotaka nguzo. Uamuzi ni wa waziri, halmashauri inaombwa maoni tu, lakini mpigakura hagawi lawama kwa kufuata sheria. Adrian Ramsay, aliyeshinda ubunge wa Waveney Valley kwa Kijani Julai 2024 kwa tofauti ya kura 5,594, alikutana na swali hilo katika wiki zake za kwanza.

Jimbo hilo la Waveney Valley lenyewe ni jipya, limechorwa kuvuka mpaka wa Suffolk na Norfolk na kuchukua sehemu ya kaskazini ya wilaya. Stowmarket, kwa upande wake, ikaangukia jimbo jingine pamoja na Bury St Edmunds, na huko Labour, wasio na diwani hata mmoja Mid Suffolk, walimpata mbunge kwa tofauti ya kura 1,452. Baada ya Julai 2024 mpigakura huyohuyo aliweza kuwa na diwani Kijani, mbunge wa Labour na diwani wa kaunti wa Conservative, kwa sababu mwaka 2021 Conservative walichukua viti 55 kati ya 75 vya kaunti. Shimo la barabarani ni la kaunti. Simu ya malalamiko hupigwa wilayani.

Na hata palipo pake, mamlaka ya wilaya ni membamba. Kodi yake ya nyumba haiwezi kupanda kwa zaidi ya asilimia 3 au pauni 5, kiasi kilicho kikubwa zaidi, bila kuitisha kura ya maoni. Kwa hiyo wingi wa 24 unatosha kupitisha bajeti kabla ya tarehe 11 Machi bila kubembeleza mtu, kura zikirekodiwa kwa majina, lakini bajeti yenyewe ina kuta pande zote.

Scotland iliachana na wengi wape katika halmashauri tangu 2007. Wapigakura hupanga wagombea kwa namba na viti hugawanyika kwa uwiano. Kijani walilalamikia mfumo wa England kwa miaka yote waliyokuwa na viti vitano, na wana haki. Mtu aliyezoa asilimia 70 ya viti akiendelea kulalamikia mfumo huohuo, hapo ndipo utajua kama alikuwa anaamini alichokuwa anasema. Naona kata za madiwani wawili ndizo hoja kali zaidi ya mabadiliko: zinampa mshindi mmoja viti vyote viwili kwa kura ambazo, kwa haki, zingempa kimoja.

Huenda mjadala huo usipate muda. Desemba 2024 serikali ya Labour ilitoa waraka wa kufuta ngazi mbili kote England. Suffolk iliwekwa mstari wa mbele, uchaguzi wake wa kaunti wa Mei 2025 ukaahirishwa. Kaunti ikapendekeza halmashauri moja kwa Suffolk nzima, wilaya zikapendekeza tatu, na ratiba inataka halmashauri mpya zianze kazi 2028. Suffolk nzima ina watu wapatao 760,000. Wa Mid Suffolk ni chini ya mmoja kati ya kila saba, na tume ya mipaka italazimika kuanza upya, kwanza idadi ya madiwani, kisha ramani.